Nimetenganisha ya Nini? Mawazo ya wakazi na safari ya Dar es Salaam kuwa jiji rafiki kwa mazingira

Mkutano wa mtaa wetu ulifanyika Jumapili alasiri, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Ajenda ya tatu ilikuwa usafi na mazingira. Mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila nyumba itenganishe taka: za jikoni kwenye ndoo yake, chupa na makaratasi kwenye kiroba chake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo akasimama mama mmoja anayepika na kuuza chakula kituoni, akakaza kitenge chake kiunoni, akasema: "Mwenyekiti, mimi sina ubishi. Kutenganisha nitatenganisha. Lakini guta likija linachanganya zote humohumo. Sasa nimetenganisha ya nini?"

Hakupata jibu siku ile. Tangu hapo, kila ninaposikia wazo jipya la kuliokoa jiji hili, nalipima kwa swali lake.

Dar es Salaam haina upungufu wa mawazo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji maji, anasafiri, anapika na anatupa taka. Katika mkutano ule mmoja tu yalitolewa mawazo ya kupanda miti, kuwatoza faini wanaotupa taka mtaroni, kuvuna maji ya mvua, kukataza kuosha magari kando ya mto, kuwasaidia mama lishe waachane na mkaa, na kuwaondoa bodaboda kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Ukiyachambua yanaingia katika makapu mawili. Kapu la kwanza ni la "kila mtu nyumbani kwake": fagia, panda, tenganisha, punguza. Kapu la pili ni la "serikali itufanyie": leteni lori, jengeni mtaro, wekeni sheria. Makapu yote mawili yana mambo ya kweli. Lakini nimeona mawazo ya kapu hili na ya lile yakikwama mahali palepale, katikati ya geti la nyumba na ofisi ya manispaa. Hapo katikati ndipo lilipo guta, ndipo kilipo kizimba cha taka, mtaro wa pamoja na mti usio na mwenyewe. Jiji linachafukia hapo, na litasafishikia hapo, endapo mtaa utapewa nguvu ya kupasimamia.

Taka zinazohama

Safari ya taka ni ndefu kuliko mtu anavyodhani anapofunga kiroba chake. Guta au mkokoteni unazitoa nyumbani hadi kizimbani. Lori linazitoa kizimbani hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa jiji. Lori linalotoka Bunju au Mbezi hukaa barabarani saa nyingi, huchoma dizeli nyingi na kwa siku humudu safari chache. Safari zikiwa chache kizimba hufurika. Kizimba kikifurika, mwenye guta hutafuta korongo. Mvua ikinyesha, korongo hupeleka kila kitu mtoni. Mkazi humlaumu mwenye guta, mwenye guta humlaumu mzabuni, mzabuni huilaumu manispaa, na manispaa humlaumu mkazi kwamba halipi ada ya taka.

Wako wakazi wa jiji hili waliowahi kulifikisha jambo hili mbali zaidi ya lawama. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa jirani na nyumba zao, wakashinda. Jiji liliporudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga taka pale, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikataa, akaiunganisha haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba na haki ya mtu kutowekwa katika mazingira yanayohatarisha uhai wake. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa liko Pugu.

Nauheshimu ujasiri wa wananchi wale. Walithibitisha kwamba mkazi wa kawaida anaweza kuliambia jiji lake "hapana" na sheria ikasimama upande wake. Hata hivyo, ukiifuata njia ya dampo kwenye ramani, unaona kwamba kila ushindi uliwatua mzigo watu wa eneo moja ukawatwisha wa eneo jingine, kwa sababu kiasi cha taka kinachotoka majumbani hakikupungua. Leo wazo lenye uzito ni lile linalopunguza kinachopanda kwenye lori.

Na kinachopanda kwenye lori ni nini hasa? Nyumbani kwangu nilijaribu kutenga kwa wiki moja. Ndoo ya lita 20 ya maganda ya ndizi na viazi, ukoko wa ugali na mchicha uliooza ilijaa kwa siku tatu. Kiroba cha vitu vikavu hakikufika nusu kwa wiki nzima. Nyumba yangu si ya ajabu: zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni mabaki ya chakula na majani. Hizo ndizo zenye uzito na ndizo zinazonuka. Ndizo pia zinazolowanisha karatasi na kuchafua plastiki mpaka zisifae tena kuuzwa. Ukizitoa hizo mapema, mzigo wa lori hupungua na kilichobaki kinapata bei.

Kwa hiyo wazo la kutenganisha ni sahihi, na limeshajaribiwa hapahapa. Katika kata ya Bonyokwa, asasi ya Nipe Fagio ilishirikiana na wakusanya taka wa eneo hilo waliojiunga katika ushirika. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanazipokea taka zikiwa zimetengwa, za jikoni zinageuzwa mboji na zinazorejelezwa zinauzwa. Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni kwa kushirikiana na jiji rafiki la Hamburg ilijenga kiwanda cha mboji kinachotumia taka za masokoni. Ukiangalia yote mawili utaona kuna kitu kimoja kinachofanana. Aliyetenganisha anajua mzigo wake unafika wapi. Ndilo jibu ambalo mama wa mtaa wetu hakulipata.

Ningekuwa na sauti ningeanza na masoko. Mabibo, Buguruni na Temeke Stereo yanatoa taka za aina moja, mahali panapojulikana, kila siku, na yana uongozi wake. Kumfundisha mwenye meza sokoni atenge maganda ya ndizi na mananasi ni rahisi kuliko kuzifikia nyumba laki moja zilizotawanyika. Soko likiweza, mtaa unaolizunguka una mahali pa kupeleka ndoo zake.

Jambo la pili ni bei. Chuma chakavu hukioni mtaroni. Kikitupwa mchana, jioni kimeshaokotwa, kwa sababu kila kona kuna mnunuzi mwenye mizani. Chupa za maji nazo zina waokotaji wanaoamka alfajiri na viroba mgongoni. Watu hawa wanalisafisha jiji bila mshahara, bila glavu, na mara nyingi bila heshima. Lakini pampasi zilizotumika zimejaa kila korongo, maana hakuna wa kuzinunua wala gari maalumu la kuzibeba. Kwa hiyo kabla ya kumhubiria mkazi kuhusu tabia, tuulize kwanza kama kuna mizani karibu naye, na vile visivyo na bei vina nani wa kuvilipia.

Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 linafundisha hilohilo. Lilifanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu liliwabana watengenezaji, waagizaji na wauzaji, na vikapu na mifuko mbadala ilikuwapo sokoni. Mama wa nyumbani hakuachiwa mzigo peke yake. Mwanya ulipobaki, nao ulionekana: vile vifungashio vyepesi visivyo na mshikio vikageuzwa mifuko ya kubebea nyanya na dagaa, hadi mwaka 2021 serikali ikalazimika kuvikataza kwa matumizi hayo. Maji hufuata mkondo, na biashara vilevile.

Pevingi ya kwangu, mafuriko ya jirani

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji kwa takriban kilomita 35 na kuingia baharini pale Salender. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Wengine walihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo bonde la Jangwani limefurika mara nyingi, Barabara ya Morogoro ikafungwa na mabasi ya mwendokasi yakasimama. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde la Msimbazi, mpango uliotanguliwa na vikao vya mwaka 2018 vilivyowakalisha pamoja wataalamu, viongozi na wakazi wa bondeni. Kazi hiyo ni kubwa na inastahili kuungwa mkono. Lakini mto hauchafuki bondeni peke yake. Unafika bondeni ukiwa umeshapita nyuma ya nyumba zetu.

Katika mikutano ya mitaa wazo linaloongoza kuhusu mafuriko ni moja: "Tuleteeni mtaro." Naelewa. Aliyelala na maji ya magoti chumbani hana muda wa nadharia. Ila mtaro hauyamezi maji, unayakimbiza. Mtaro wa Tabata ukipanuliwa, maji yanafika Kigogo mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Hivyo kila mtaro unaojengwa juu unapaswa kuulizwa walioko chini watafanywaje.

Sasa itazame pevingi. Miaka ya karibuni kila anayejaliwa kujenga anapenda uwanja uliotandikwa vitofali kutoka ukuta hadi ukuta, bila tope wala vumbi. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ukipata mvua ya milimita 50 kwa siku moja, jambo la kawaida wakati wa masika, unapokea lita 5,000 za maji. Ulipokuwa mchanga, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama. Ukiwa pevingi, karibu yote yanapita chini ya geti. Nyumba 200 za namna hiyo zinamwaga mtaani lita milioni moja kwa siku moja, na hakuna mwenye nyumba anayejiona amefanya kosa.

Hapa ndipo mawazo madogo ya wakazi yana nguvu kubwa kuliko wanavyojua. Ukiacha mita moja ya udongo kando ya ukuta ukapanda nyasi au mchaichai, maji yanapata pa kuzama. Ukichimba shimo ukalijaza kokoto mahali maji ya paa yanapoangukia, hayafiki getini. Na ukiweka gata na simtanki, umepata faida mara mbili. Mvua za jiji hili kwa mwaka wa kawaida huzidi milimita 1,000, kwa hiyo bati la mita za mraba 60 linapokea zaidi ya lita 60,000 kwa mwaka. Jiji linategemea sana Mto Ruvu, wenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini iliyojengwa kuzalisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipungua, mgawo wa maji ukaanza na madumu yakapanga foleni mitaani. Wale waliokuwa na maji ya mvua kwenye tangi waliyaona manufaa yake.

Lazima niseme pia kwamba mawazo haya hayafai kila mahali sawasawa. Katika maeneo ya chini kama Mikocheni na Msasani Bonde la Mpunga, maji ya ardhini yako karibu na shimo la kokoto hujaa upesi. Jina lenyewe linatuambia: palikuwa bonde la kulima mpunga. Huko dawa ni kulinda mkondo wa asili na kutojenga ndani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshaweka mita 60 kutoka kingo za mito bila shughuli za kudumu, na anayeijua mipaka hiyo kuliko wote ni mkazi aliyekuwapo maji yalipopanda.

Ujuzi huo unaweza kuandikwa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika, wakatembea mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, mitaro na mahali maji yalipofikia. Maeneo ambayo kwenye ramani za zamani yalikuwa doa la kijivu yakapata vichochoro na madaraja ya mbao. Natamani ramani ya namna hiyo ingebandikwa ukutani katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, mwananchi aonyeshe kwa kidole: hapa mtaro umeziba, hapa nguzo ya daraja imemong'onyoka.

Kuna jambo moja ambalo mikutanoni husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikianza, baadhi ya nyumba hutoboa shimo la choo ili maji ya mafuriko yabebe uchafu. Ni hatari kwa kila aliye chini ya mkondo, na kipindupindu hakichagui. Lakini sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka, gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vya Manzese au Vingunguti, na gharama yake kwa nyumba ya wapangaji sita ni kubwa. Vikundi vinavyonyonya kwa pampu ndogo na kubeba kwa vyombo vya magurudumu matatu vimeonyesha njia. Faini isiyoambatana na huduma kama hiyo itawafanya watu watapishe usiku badala ya mchana.

Anayetembea tayari ni rafiki wa mazingira

Kuhusu usafiri nitasema machache, kwa kuwa hapa mkazi amelitangulia jiji. Watu wengi wa Dar es Salaam wanakwenda kwa miguu, kwa daladala au kwa mwendokasi. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, jiji lilisifiwa duniani na mwaka 2018 likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza barani Afrika kuipata. Sifa ile ilikuwa halali. Abiria aliyesubiri basi kwa saa nzima ana haki ya kuuliza imekwenda wapi, na anachokiomba kinaeleweka: mabasi ya kutosha na ratiba inayoheshimiwa.

Wazo la wakazi lisilopewa uzito ni la njia ya miguu. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umekuwa ukidai kwa miaka njia salama za baiskeli. Zilizojengwa pembeni ya barabara ya mwendokasi mara nyingi zimejaa pikipiki na meza za biashara. Anayetembea kilomita mbili juani kwenda kituoni, akirushiwa maji machafu na magari, akipata hela atanunua pikipiki, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Kumtunza mtembea kwa miguu kwa kivuli, kivuko na njia isiyo na shimo kunagharimu kidogo kuliko barabara yoyote ya juu.

Kopo la mkaa na jina la mti

Dar es Salaam ndiyo mlaji mkubwa kuliko yote wa mkaa nchini, na mkaa huo ni misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema kwa misitu na kwa mapafu ya akina mama.

Lakini mfuate mama lishe jioni akienda dukani. Ananunua kopo la mkaa kwa shilingi 1,000 au 2,000, kadiri ya mauzo ya siku ile. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja. Kwa hesabu ya mwezi huenda gesi ikawa nafuu, ila yeye haishi kwa mwezi, anaishi kwa siku. Ndiyo maana naona wazo la gesi ya kulipia kidogokidogo kwa simu, kupitia mita inayofungwa kwenye mtungi, lina maana kuliko kugawa mitungi ya bure inayokaa tupu uvunguni. Maharage nayo yana suala lake: yanakaa jikoni saa tatu, na hapo jiko la umeme la presha au jiko banifu linamwokoa zaidi ya hotuba.

Miti ina somo linalofanana. Majina ya jiji hili ni kumbukumbu ya miti yake: Mikocheni ni mahali pa mikoche, Mkwajuni pa mkwaju, Mikoroshini pa mikorosho. Kila mwaka tunapanda maelfu ya miche kwa picha na shangwe. Mche unaopandwa mwishoni mwa masika bila wa kuumwagilia mwezi Septemba ni mche uliokufa tayari. Kwenye shule moja ya msingi karibu nasi, mwalimu aligawa kila mche kwa wanafunzi wawili, mmoja wa darasa la tatu na mmoja wa la sita, na mti ukapewa majina yao. Wa la sita akihitimu, wa la tatu anamrithi. Baada ya miaka minne miarobaini na miembe ile inawapa kivuli mapumzikoni. Nadhani sababu ni kwamba kila mti ulipata mtu anayeulizwa habari zake.

Mtaa wenye nguvu

Nimepita kwenye taka, maji, usafiri, mkaa na miti, na kila mahali nimekutana na jambo lilelile: wazo linaishi likipata mtu wa kuulizwa na mahali pa kufikia. Ngazi inayoweza kutoa vyote viwili ni mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi wenyewe, mara ya mwisho Novemba 2024, na anajua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi inamwaga maji usiku. Sheria ileile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa. Lakini kamati nyingi ziko kwenye karatasi. Mwenyekiti anaishi kwa posho, mzabuni wa taka anawajibika kwa walio juu, na ada inayokusanywa mtaani haionekani ikirudi kununua hata reki moja.

Tangu mwaka 2016 tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Rwanda nao wana Umuganda siku hiyohiyo, na tofauti moja nimeiona ina uzito: huko kazi ikiisha watu hukaa kikao, wakajadili mambo ya mahali pao. Sisi tukimaliza kufagia tunatawanyika, na lundo tulilolikusanya linabaki kando ya barabara likisubiri gari. Tungefagia saa moja na kukaa kikao nusu saa, tungepata faida kubwa kuliko kufagia saa mbili.

Yapo mambo ambayo yangebadilika bila kungoja bajeti mpya. Wakazi wapewe kauli rasmi kuhusu mzabuni wa taka: kama kila robo mwaka mkutano wa mtaa unampima na manispaa inalazimika kusikia, guta litakuja kwa siku yake. Sehemu ya ada ibaki mtaani kwa matumizi yanayobandikwa ukutani. Vikundi vya wakusanya taka na waokota chupa vipewe kipaumbele katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mizani, glavu na guta la pili havihitaji mkopo mkubwa.

Na tuwakumbuke wapangaji. Jiji hili linaishi katika nyumba za Kiswahili zenye korido katikati na familia kila chumba. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hatachimba shimo la kokoto wala kufunga gata kwenye bati la mtu. Mwenye nyumba anayeishi mbali haoni maji yakiingia. Tukiendelea kusema "kila mtu asafishe kwake" bila kuuliza kwake ni wapi, tunaongea na wachache. Serikali ya mtaa inaweza kumwita mwenye nyumba mezani, jambo ambalo mpangaji peke yake haliwezi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni njia ya serikali kuwabwagia maskini mzigo wake. Hofu hiyo ni ya haki. Mitambo ya maji, mabasi, bomba la majitaka na usimamizi wa viwanda vinavyomwaga kemikali mtoni ni kazi ya mamlaka, na hakuna mkutano wa chini ya mwembe utakaozibeba. Mtaa ukipewa kazi bila fedha na mamlaka, tutakuwa tumeongeza lawama tu. Ninachodai ni vyote pamoja.

Mkutano uliofuata ulifanyika miezi miwili baadaye. Yule mama alikuja na swali lake, na safari hii mwenye guta naye alikuwa ameitwa. Wakakubaliana: Jumatatu na Alhamisi taka za jikoni, Jumamosi vitu vikavu. Mzee mmoja anayefuga kuku na kulima mchicha akasema atachukua ndoo kumi kila Alhamisi. Kisha mwenye guta akakuna kichwa, akauliza: "Sawa, wazee wangu. Na hizo za jikoni zitakazobaki nizipeleke wapi, maana kizimba ni kilekile?"

Tukatazamana. Swali la mama lilikuwa limetoka getini kwake, limefika kizimbani. Mwenyekiti akamwomba katibu aliandike kama lilivyo, kwa jina la mtaa, lipelekwe kwa diwani. Zamu ya kujibu sasa ni ya manispaa.